Darasa la Mtandaoni Nyuma ya Mlima

Mwalimu aliyepangiwa kazi Matombo, au muuguzi wa zahanati huko Kinole, katika milima ya Uluguru, akitaka shahada bila kuacha ajira, mara nyingi hukimbilia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Chuo hicho kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kina kituo mjini Morogoro. Siku hizi masomo yake mengi yamehamia mtandaoni. Wapo wanaoingia vipindi hivyo kwa hamu, na wapo wanaovikwepa wakasubiri kuonana na mhadhiri ana kwa ana. Hawa wa pili huitwa wavivu. Nadhani wanaonewa.

Mwaka 1989 mtafiti Fred Davis alionyesha kuwa mtu huipokea teknolojia akiamini mambo mawili: kwamba itamfaa, na kwamba haitamsumbua. Mwaka 2003 Viswanath Venkatesh na wenzake wakaongeza maoni ya watu anaowaheshimu, pamoja na mazingira: vifaa, mtandao, mtu wa kumsaidia akikwama. Katika utafiti huo mazingira hayakubadili nia ya kutumia teknolojia moja kwa moja. Lakini waliochunguzwa walikuwa wafanyakazi wa ofisini, ambao mwajiri ndiye aliyewawekea kila kitu. Venkatesh na wenzake walipowageukia watumiaji wa intaneti ya simu kule Hong Kong, katika matokeo yaliyotoka 2012, mazingira yaligusa nia yenyewe, na bei na mazoea vikaingia kwenye hesabu. Mwanafunzi wa Uluguru anafanana na hao wa Hong Kong: simu ni yake, bando ni lake, na fundi wa kumwita hana.

Kisha kuna mlima. Lupanga, unaoutazama mji wa Morogoro, una urefu wa zaidi ya mita 2,100 kutoka usawa wa bahari. Mawimbi ya simu husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Yakikuta mwamba, nyuma yake hubaki kivuli, kama cha jua la jioni. Ndiyo maana mtu aliye juu ya mgongo wa mlima anapiga simu bila shida, ilhali jirani yake bondeni, hatua chache tu, anahangaika kutafuta mtandao.

Mtandao ukikatakata, madhara hayaishii kwenye sauti. Watafiti waliolinganisha lugha 10 za dunia, mwaka 2009, walikuta kuwa katika maongezi mtu humjibu mwenzake baada ya wastani wa sehemu 2 tu za kumi za sekunde. Ubongo umezoea kasi hiyo. Mwaka 2014 watafiti wa Ujerumani walichelewesha sauti kwenye simu kwa makusudi, na waliozungumza wakamwona mwenzao kuwa hana umakini wala uchangamfu wa kutosha. Hawakuilaumu laini, walimlaumu mtu. Ndivyo mhadhiri anavyodhani mwanafunzi amezubaa, na mwanafunzi akadhani amepuuzwa. Baada ya vipindi viwili vya namna hiyo, nani atakuwa na hamu ya cha tatu?

Gharama nayo inauma. Saa moja ya video ya kundi inaweza kula gigabaiti nzima, wakati sauti peke yake hutumia makumi ya megabaiti tu. Na kipindi kinachoanza saa moja usiku humkuta mwanafunzi aliye mama akiwa jikoni, watoto hawajala. Mume au mama mkwe akiona simu mkononi kama mchezo, ule ushawishi wa watu aliousema Venkatesh unamrudisha nyuma. Wakiona ni shule, watampisha.

Kwa hiyo chuo kinachotaka wanafunzi wengi zaidi kianze na sauti, kamera zizimwe, na kila kipindi kirekodiwe katika faili dogo ambalo mtu atalipakua siku ya gulio, akifika palipo na mtandao. Mhadhiri naye apokee maswali kwa ujumbe mfupi na ayajibu siku hiyohiyo. Hatua ya kwanza iwe kipindi cha majaribio kisichotolewa alama, kila mmoja akijaribu simu yake akiwa palepale anapoishi, ili mwenye tatizo ajulikane kabla hajakata tamaa.