Kabla Utume CV, Mtu Ashapiga Hesabu: Hivi Ndivyo Idadi ya Kazi Hupangwa

Umetuma CV arobaini. Nyingi hazijajibiwa, chache wamekuambia "tutakupigia", na simu inalia tu mathe akitaka kujua kama kuna chochote. Ukitarmac hivyo kwa muda unaanza kuamini shida ni wewe, ama ni koneksheni huna. Koneksheni ziko, hilo hatubishani. Lakini kuna kitu hutangulia koneksheni, nacho ni ile nafasi yenyewe. Kuna mtu wa HR alikaa chini, pengine mwaka mzima kabla yako, akaamua wanahitaji watu wangapi, wa kazi gani, kuanzia mwezi upi.

Hesabu yake si ya roketi. Kwanza anauliza kazi itakuwa kiasi gani. Pili, kati ya watu walioko, wangapi bado watakuwa hapo? Anatoa wanaostaafu, wanaohama, wanaopandishwa cheo. Tofauti ya hizo mbili ndiyo nafasi zinazotangazwa. Hoteli ya Diani inajua Desemba itajaa, inajua mhudumu mmoja anamaliza vyumba vingapi kwa siku, kwa hivyo vibarua wanaitwa mapema. Ukibisha hodi katikati ya Januari wageni wakirudi kwao, umepata geti limefungwa na hakuna mtu anakuchukia.

Sasa hebu tuangalie hesabu kubwa zaidi ambayo wasee wengi wa rika letu wameishi ndani yake: walimu wa JSS.

Watoto wa kwanza wa CBC walikuwa Gredi ya 3 mwaka wa 2019. Hao si wateja wa duka ambao unabahatisha kama watakuja. Wako darasani, majina yameandikwa, na kila mwaka wanapanda. Ilijulikana mapema kwamba 2023 wangegonga Gredi ya 7. Makadirio rahisi kuliko hayo utayapata wapi?

Lakini mpango wa kwanza ulikuwa JSS ikae ndani ya shule za sekondari. Desemba 2022, muda mfupi tu kabla ya kufungua, ikaamuliwa iwe kwenye shule za msingi. Watoto ni wale wale, masomo ni yale yale, lakini hesabu ya walimu ikapinduka kabisa. Sekondari tayari ina mwalimu wa kemia, wa Kiingereza, wa biashara. Unaongeza wachache tu. Shule za msingi za umma ni zaidi ya 20,000, mara mbili ya sekondari na zaidi, na kila moja ilikuwa inaanza bila timu.

Chukua shule moja ndogo, mkondo mmoja. Gredi moja ya JSS ina vipindi 40 kwa wiki. Tuseme mwalimu mmoja anabeba vipindi 27. Ukigawa, Gredi ya 7 peke yake inahitaji mwalimu mmoja na nusu, sema wawili. Poa? Si poa. Masomo ni 9 (na hayo ni baada ya kupunguzwa kutoka 14), na mwalimu wa kawaida husomea masomo mawili. Ukihesabu kwa masomo unahitaji walimu watano, si wawili.

Halafu ona maajabu. Shule ikifikisha Gredi ya 7, 8 na 9, vipindi vinakuwa 120. Gawa kwa 27, unapata wanne na kitu, yaani watano. Wale wale watano! Maana yake mzigo mkubwa wa kuajiri ulikuwa mwaka wa kwanza, wakati kulikuwa na darasa moja tu. Ukiajiri polepole, darasa likiongezeka ndio mwalimu anaongezwa, hilo darasa la kwanza lazima liumie. Ndio maana 2023 ulisikia shule baada ya shule ikiwa na odijo mmoja, somo alilosomea na ambalo hajawahi kuliona yote ni yake.

Na hata watano wanaweza kuwa si wale unaotaka. Ukipewa watatu wa historia na dini, nani atafundisha Sayansi Jumuishi? Kwenye karatasi idadi imetimia, darasani kuna shimo. Huu ndio mtego mkubwa wa makadirio ya wafanyakazi kila mahali: ni rahisi kuhesabu vichwa, ngumu ni kuhesabu ujuzi.

Halafu kuna ganji. Hesabu inaweza kusema unahitaji watu laki moja, Hazina ikakuambia una pesa ya nusu. Pengo halipotei, linajazwa na mtu wa bei rahisi. TSC ilijaza kwa walimu wanagenzi, digrii mkononi, malipo 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, kazi ile ile ya mwalimu wa kudumu. Aprili 2024 mahakama ya leba ikasema TSC haina mamlaka ya kuajiri wanagenzi. Mwezi uliofuata walimu wa JSS walikuwa barabarani wakigoma. Mwishowe, Januari 2025, walimu kama 46,000 wakaingizwa kwa masharti ya kudumu. Kwa maoni yangu, hilo halikuwa zawadi. Watu hao walihitajika tangu siku ya kwanza, na hesabu ilikuwa inaonyesha hivyo.

Kuna kitu wengi hawajagundua: 8-4 ilikuwa madarasa 12 kabla ya chuo, na sasa 6-3-3 bado ni 12. Mbona basi walimu wapungue? Kwa sababu Darasa la Saba na la Nane zilifundishwa na walimu wa msingi, ambao mmoja anaweza kushika masomo mengi. Sasa watoto wa umri huo wanataka mwalimu wa somo maalum. Ndio maana pia walimu wa msingi wenye digrii walihamishiwa JSS. Mahali pengine mtu mpya hahitajiki, aliyeko anasogezwa.

Kama uko campus ukisomea ualimu, kalenda iko wazi. KCSE ya mwisho ni 2027. Sekondari ilikuwa na madarasa manne hadi 2024. 2025 hakukuwa na Kidato cha Kwanza, na tangu hapo ni matatu. Gredi ya 10 ya kwanza ni ya 2026, ikiwa na njia tatu: STEM, sayansi ya jamii, na sanaa na michezo. Serikali ilikadiria asilimia 60 wataenda STEM. Lakini hapo si kuhesabu tena watoto walioandikishwa, ni kubashiri watoto watataka nini, na mtoto wa miaka 15 anaweza kukataa fizikia bila kuomba ruhusa ya mtu. Ukiwa unachagua masomo yako mawili, hiyo asilimia 60 isome kama ubashiri.

Kwa wale hatuna haja na chaki, siku ukiitwa intavyuu, wakikuuliza kama una swali, usiseme "hapana". Uliza hii nafasi ni mpya ama kuna mtu ametoka. Kama ni mpya, uliza ni kazi gani imeongezeka, na kama pesa yake iko kwa bajeti ya mwaka huu. Kama kuna mtu ametoka, uliza alikaa muda gani. Ukisikia ni wa tatu ndani ya mwaka mmoja, manze, kabla ya kusaini tafuta mmoja wa hao watatu muongee.