Je, wajua? Mfuko wa baiskeli huchomoka ukiwa mwepesi

Mfuko unaoning'inia ubavuni mwa keria hauchomoki pale unapoelemewa. Huchomoka pale unapokuwa hauna uzito kabisa. Baiskeli ikipanda tuta, gurudumu la nyuma hurushwa juu, na keria nayo huurusha mfuko. Papo hapo fremu inarudi chini kwa nguvu kwa kuwa imekaliwa na mtu, ilhali mfuko bado unapaa. Kwa muda mfupi mno kulabu zake haziegemei chochote. Kama hakuna kinachozishika kwa chini, mfuko unapotua unalikosa bomba la keria, na jirani wa karibu hapo ni spoku.

Ndiyo maana kulabu nene peke yake haisaidii. Kuubeba mfuko usishuke ni kazi rahisi, keria inaiweza. Kazi ngumu ni kuuzuia usiende kwingine: juu kwenye matuta, nje kwenye kona, mbele ukishika breki.

Wenye punda wa Lamu walilijibu swali hili zamani kwa shogi, ule mfuko mrefu wa kusukwa unaotandikwa mgongoni, tumbo moja huku na jingine kule. Upande mmoja ndio unaoushika mwingine. Mifuko pacha ya baiskeli inayoonekana kila kona ya Uholanzi hufuata kanuni hiyohiyo: miwili imeunganishwa kwa kipande kinachokaa juu ya keria, kisha mikanda inakaza. Haidondoki kirahisi. Ila ukifika dukani huwezi kuingia nayo, na ukijaza upande mmoja tu, baiskeli inakuvuta upande huo safari nzima.

Mwaka 1982 Mjerumani Hartmut Ortlieb alianzisha kampuni ya kutengeneza mifuko ya baiskeli kwa turubali lile linalofunika malori, ili mvua isipenye. Mifuko ya aina hiyo, ya kampuni yake na ya wengine waliofuata, ndiyo iliyolifanya suala la kulabu kuwa sayansi, kwa sababu mwenye mfuko alitaka kuutoa kwa mkono mmoja na kuondoka nao.

Itazame kulabu hiyo kwa karibu. Mgongoni mwa mfuko, juu, kuna kulabu mbili za plastiki ngumu. Ndani ya kila moja kuna ulimi mdogo unaojifunga chini ya bomba la keria. Ndimi zote mbili zimeunganishwa na mshikio wa juu kwa utepe. Ukiuvuta mshikio, ndimi zinafunguka, ukiuachia, zinafunga. Kwa hiyo kitendo kilekile cha kuunyanyua mfuko ndicho kinachoufungua, na ukiutua unajifunga wenyewe. Tuta halina mkono wa kuvuta mshikio, basi mfuko ukirushwa unagota kwenye ulimi na kubaki palepale.

Chini zaidi kuna kipande kama pezi la samaki, kinachoingia nyuma ya chuma kinachoshuka kutoka keria kuelekea ekseli. Wengi hawakijali, kumbe ndicho kinachozuia mfuko usifunguke kama bawa unapokata kona. Hakibebi hata gramu moja, lakini kisipofika mahali pake, mfuko utapigapiga mpaka kulabu za juu ziliwe.

Kuliwa huko huletwa na nafasi kati ya kulabu na bomba. Mafundi husema kitu "kinacheza". Kulabu nyingi za namna hii humeza bomba la hadi milimita 16, wakati keria nyingi zina bomba la milimita 10 au pungufu. Ndiyo maana mfuko huuzwa na vipande vidogo vya plastiki vya kuzibia nafasi, na ndivyo ambavyo watu huvitupa pamoja na boksi. Usivitupe. Pima bomba lako, tia kipande kinacholingana, kisha sogeza kulabu zote mbili mpaka kila moja iegemee kiungo cha keria, mfuko usiteleze mbele wala nyuma.

Bei ya mifuko hiyo, tuseme ukweli, si ajabu ikazidi ya baiskeli yenyewe. Na kwenye keria ya chuma iliyochomelewa na fundi wa mtaani, kulabu ya plastiki huenda isiingie kabisa. Hapo ndipo mpira wa tyubu unapostahili heshima kubwa kuliko unayopewa. Chukua gunia la mkaa lililofungwa kwa kamba. Kamba ikikazwa hurefuka milimita chache tu. Mkaa ukijipanga njiani, gunia likapungua sentimita mbili, kamba imeshalegea yote. Mpira uliovutwa hadi urefu wake maradufu ukipoteza sentimita hizohizo mbili bado unavuta karibu kama mwanzo. Tena tyubu nyingi hutengenezwa kwa butili, aina ya mpira inayomeza mtikisiko na kuugeuza joto badala ya kuurudisha kwenye mzigo. Mwenye mifuko ya kawaida isiyo na ulimi apitishe mpira huo chini ya mfuko, aufunge kwenye vyuma vya keria, na tatizo la bawa limekwisha. Ncha zichomekwe ndani. Mpira unaoning'inia hunaswa na mnyororo au spoku, na gurudumu la nyuma linaweza kusimama ghafla.

Vitu vizito viwekwe chini, karibu na ekseli, na pande zote zilingane. Kisigino kikigusa mfuko wakati wa kukanyaga pedali, usogeze nyuma, ila usiupitishe sana nyuma ya ekseli, la sivyo usukani utakuwa mwepesi na kuyumba.

Mara nyingi kinachoanza kukata tamaa si mfuko bali bolti za keria. Keria nyingi za alumini zimepigwa chapa ya kilo 25, na uzito huo wote, pamoja na kila tuta, hushuka kwenye bolti nyembamba za milimita 5. Mtikisiko huzilegeza taratibu bila mtu kuona. Zikaze kwanza, upachike mifuko baadaye, na uzirudie baada ya kilomita chache za barabara mbovu.

Kabla ya kuondoka, inua nyuma ya baiskeli sentimita tano na uiachie. Ukisikia mlio wowote, kuna kitu kinacheza. Kitafute hapohapo, usisubiri tuta likutafutie.