Fidla Ishirini Ndani ya Chumba Kimoja: Namna ya Kuitumia Lupu ya Okestra

Katika studio ya chumba kimoja pale Katoro, mkoani Geita, yenye trei za mayai ukutani na feni inayozimwa kila mtu anapoingia kurekodi, fidla ishirini zinaweza kulia bila mpiga fidla hata mmoja kuvuka mlango. Prodyuza anafungua faili, analivuta hadi kwenye programu, na msanii aliyetoka Rwamagasa au hapo jirani Buseresere anapata utangulizi mzito wa kifilamu. Shida huanza anapofungua mdomo. Sauti haikai, fidla zinayumba, besi inakoroga kila kitu. Lawama humwangukia msanii, wakati mara nyingi kosa lilifanyika pale lupu ilipochaguliwa.

Lupu ni kipande kifupi cha muziki uliokwisha kurekodiwa, kinachojirudia bila kukatika. Ni tofauti na sauti ya kinanda unayoibonyeza mwenyewe noti kwa noti. Lupu inakuja na maamuzi manne yaliyofanywa na wengine: spidi, do ya wimbo, ukumbi iliporekodiwa, na haki ya kuitumia. Mawili ya kwanza unaweza kuyabadili kidogo. Mawili ya mwisho ni ya kupokea au kukataa.

Wazo lenyewe ni la siku nyingi. Mwaka 1963, Waingereza wa Birmingham walianza kuuza Mellotron, kinanda ambacho kila kitufe kiliendesha utepe wenye fidla za sekunde 8 hivi. Mwaka 1979 Waaustralia wakaleta kompyuta ya muziki iitwayo Fairlight, na ndani yake mlikuwa na mshindo mmoja wa okestra uliochukuliwa kwenye rekodi ya muziki wa Stravinsky. Mshindo huo ulisikika mwaka 1982 katika "Planet Rock" ya Afrika Bambaataa huko New York, na okestra ikawa imeingia kwenye muziki wa mitaani.

Tuanze na spidi. Gawa 60 kwa idadi ya midundo ya dakika moja, utapata urefu wa mdundo mmoja kwa sekunde. Lupu ya midundo 16 iliyopigwa kwa spidi ya 80 huchukua sekunde 12 kamili. Wimbo wako ukiwa kwenye 96, programu italazimika kuibana lupu hiyo iingie ndani ya sekunde 10. Ngoma huvumilia, maana pigo lake ni fupi. Fidla haivumilii. Mpiga fidla anapoivuta noti ndefu, kidole chake huitikisa kama mara 6 kwa sekunde. Ukiibana lupu kiasi hicho, mtikisiko unafika mara 7 na ushee, na noti iliyokusudiwa kulia inatetemeka kama mwenye homa ya malaria. Kipimo changu ni asilimia 10, haraka au polepole. Ukivuka hapo, tafuta lupu nyingine.

Do nayo ifuate koo la mwimbaji. Mwache aimbe bila biti, arudie kibwagizo hadi apate pale anapopaza sauti bila kukabwa. Tuseme ametua kwenye D-maina na lupu yako ni A-maina. Kutoka A kupanda hadi D ni nusu toni 5. Ukiipandisha lupu umbali huo, selo inapoteza kifua na kubaki na sauti ya kitoto. Nusu toni mbili, juu au chini, zinavumilika.

Ukumbi ndio unaowasumbua wengi, kwa sababu mwangwi wake umeshaingia kwenye faili na hautoki. Fidla zinasikika kutoka mbali, wakati msanii aliyeimba katikati ya trei za mayai yuko puani mwa msikilizaji. Usiziongezee fidla mwangwi mwingine. Mpe mwimbaji kiasi kidogo, akae nazo chumba kimoja. Ukitengeneza lupu yako mwenyewe, ipige mizunguko miwili mfululizo na uchukue wa pili, ili mwanzo wake ubebe mkia wa mwangwi wa ule wa kwanza. Uihifadhi kwa WAV. MP3 huongeza ukimya mfupi mwanzoni mwa faili, na hapo ndipo lupu hujikwaa kila inaporudi.

Kisha fikiria itakaposikilizwa. Selo hushuka hadi mitetemo 65 kwa sekunde, na besi kubwa ya okestra hadi 41, eneo lile lile la kiki na besi yako. Kwenye sabufa ya baa vyote vitagongana, kwa hiyo kata lupu chini ya mitetemo 150 hivi. Simu yenye spika moja nayo huunganisha kushoto na kulia, na baadhi ya fidla zilizotandazwa pembeni zinaweza kufutana. Sikiliza miksi kwa mono kabla ya kuitoa.

Kuhusu mahali pa kuiweka, mwalimu yuko Zanzibar. Vikundi vya taarab kama Ikhwani Safaa, kilichoanza mwaka 1905, na Culture Musical Club, cha mwaka 1958, vimepanga safu za fidla nyuma ya mwimbaji kwa miongo mingi. Sikiliza wanavyofanya: mwimbaji akiwa na maneno, fidla zinapungua au zinamfuata, akinyamaza, zinajibu kwa nguvu. Prodyuza anayeiacha lupu moja ilie dakika tatu bila kupumzika amemnyima mwimbaji nafasi ya kujibiwa. Ikate. Iache kwenye utangulizi, ilale kwenye ubeti, irudi mwishoni mwa mistari.

Limebaki suala la haki. Lupu iliyouzwa kwa matumizi huru haikufanyi uwe mwenye lupu. Umeuziwa ruhusa, na mamia ya wengine wameuziwa hiyo hiyo. Ndiyo maana YouTube hairuhusu lupu za aina hiyo kutumika kama ushahidi wa umiliki katika mfumo wake wa Content ID. Hapa Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi uliyoibuni: maneno, melodia na upangaji wako. Kabla ya kupeleka wimbo COSOTA, ofisi ya hakimiliki, au kuupandisha mtandaoni, hifadhi risiti na masharti ya lupu pamoja na faili za wimbo. Lupu uliyoipata kwenye flashi ya rafiki, bila karatasi yoyote, iache huko huko kwenye flashi.