Picha Isiyo na Kabila: Vitabu vya Watoto katika Masisi na Walikale

Katika wilaya za Masisi na Walikale, jimbo la Kivu Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, swali la nani mwenyeji na nani mgeni limemwaga damu kwa vizazi kadhaa, na mtoto hulisikia nyumbani, njiani na kwenye foleni ya maji kabla hajajua kusoma. Kwa sababu hiyo, mafunzo ya kuishi na wengine hayawezi kungoja mpaka mtoto afike somo la historia au la uraia, kwa kuwa wakati huo majina ya makabila yatakuwa yamekwisha kupangwa kichwani mwake pamoja na hofu zinazoambatana nayo. Chombo kimoja kinachoweza kumfikia mapema ni kitabu cha picha, yaani kitabu kifupi ambamo michoro na maneno hubeba hadithi kwa pamoja, hata asiyejua herufi akaweza kuifuata kwa macho huku mkubwa akimsomea.

Mtaalamu wa Marekani wa fasihi ya watoto, Rudine Sims Bishop, alieleza mwaka 1990 kwamba kitabu humfaa mtoto kama kioo anapojiona ndani yake, na kama dirisha anapoona maisha ya wengine, na kwamba dirisha hilo linaweza kugeuka mlango wa kupitia. Alikuwa akizungumzia watoto wa nchi yake ambao hawakuonekana vitabuni, lakini mfano wake unawahusu pia watoto wa Kivu, ambao wengi wao hawana kioo wala dirisha la kumwona jirani, kwa kuwa vitabu vichache vinavyofika shuleni kwao huonyesha miji na watu wa mbali.

Uzito wa jambo hili unaeleweka vizuri zaidi kwa kutazama historia. Masisi ni nchi ya vilima virefu vya malisho, na Walikale, yenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 23,000, sehemu yake kubwa ni msitu. Katika wilaya hizo mbili wanaishi Wahunde, Wanyanga, Watembo, Wakano, Wakumu na Watwa, pamoja na wasemaji wa Kinyarwanda, Wahutu na Watutsi, ambao baadhi yao ni wazao wa familia zilizoletwa na serikali ya kikoloni ya Ubelgiji kupitia mpango wa uhamishaji uliodumu kuanzia mwaka 1937 hadi 1955. Haki ya ardhi, ya uchifu na ya uraia ikawa kiini cha ugomvi, na mwezi Machi 1993 mauaji yaliyoanzia soko la Ntoto, Walikale, yalienea hadi Masisi. Sheria ya uraia ya Novemba 2004 iliyatambua kuwa ya Kongo makabila yote yaliyokuwa katika nchi hiyo ilipopata uhuru; hata hivyo, sheria hutoa haki ya kuhesabiwa, na jirani ndiye anayemfanya mtoto ajione kweli amehesabiwa.

Picha, hata hivyo, si chombo kisicho na hatia. Wakati wa ukoloni, katika eneo la Maziwa Makuu, picha zilitumika kuwapanga watu kwa urefu wa kimo na umbo la pua, na katika Rwanda na Burundi vipimo vya namna hiyo vilitia nguvu mawazo ya ubaguzi ambayo madhara yake yanajulikana. Kwa hiyo kitabu kinachowaonyesha watoto kabila moja kila ukurasa, kila mmoja na vazi lake na jina lake, kinaweza kurudia kosa lilelile kwa nia njema. Njia iliyo salama zaidi inatokana na ukweli ulio wazi: mtoto aliyechorwa akibeba kidumu cha maji hana kabila mpaka maneno yampe moja.

Mfano wa ukurasa unaofaa ni ule wa siku ya soko. Kijana anateremka kilima akiendesha chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali inayobeba mizigo huko Kivu, akiwa na magunia ya viazi. Mama mmoja amepanga jibini za mviringo zilizotoka kwenye malisho ya Masisi. Mwingine amefika kutoka upande wa msitu na mafuta ya mawese na ndizi. Na chini ya meza watoto watatu wanagawana muhogo uliochomwa. Hakuna maandishi yanayosema nani ni nani. Mwalimu anauliza kila mtu ameleta nini, kisha anauliza soko lingekuwaje kama mmoja wao asingekuja, na darasa linatambua lenyewe kwamba chungu cha jioni kinawahitaji wote.

Hadithi za wenyeji nazo zina hazina ambayo bado haijatumika vya kutosha. Mwaka 1956, huko Walikale, msimulizi wa Kinyanga Candi Rureke aliimba, akasimulia na kucheza kwa siku kumi na mbili utenzi wa Mwindo, ambao Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliuchapisha mwaka 1969. Mwindo ni mtoto aliyekataliwa na baba yake, chifu Shemwindo, aliyekuwa ameamuru wake zake wazae mabinti tu. Akatiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni, akaokoka, akamfikia shangazi yake Iyangura kwa msaada wa kalunguyeye aliyechimba njia chini ya ardhi na buibui aliyejenga madaraja juu ya mashimo. Baada ya vita, Mwindo hamuui baba yake. Wanakalia viti vitatu vya shaba mbele ya watu wote, shangazi akiwa katikati, baba anakiri kosa lake, na nchi inagawanywa. Mwishoni shujaa anawaagiza watu wake, miongoni mwa mengine, wasimcheke mgonjwa anayepita kijijini.

Utenzi huo una damu nyingi, na kitabu cha mtoto wa miaka sita kitalazimika kuchagua. Lakini kiini chake, mtoto aliyeambiwa hana mahali na akapata mahali bila kumuua aliyemkataa, ndicho hasa kinachohitajika Masisi. Kwa mtoto wa Kinyanga kitabu hicho kingekuwa kioo, na kwa wenzake dirisha. Kisha zamu ingegeuka kwa hadithi za Bakame, jina la sungura katika Kinyarwanda, ambaye watoto wote wangemtambua kuwa ni yuleyule mjanja wanayemjua kwa jina jingine.

Wazo la kuwapa watoto vitabu katikati ya magofu ya vita si geni. Jella Lepman, Myahudi wa Ujerumani aliyekimbilia Uingereza, alirudi nchini kwake baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia na mwaka 1946 akaandaa mjini Munich maonyesho ya vitabu vya watoto alivyoviomba kwa nchi zilizokuwa maadui wa Ujerumani. Ubelgiji, iliyokuwa imevamiwa mara mbili na Wajerumani, ilikataa kwanza, lakini baada ya kubembelezwa ikatuma vitabu vyake. Mjini Berlin alichapisha kwa karatasi ya gazeti nakala 30,000 za hadithi ya Ferdinand, fahali aliyependa kunusa maua kuliko kupigana, na watoto wakaenda nazo nyumbani.

Karatasi ya gazeti, yaani uchapishaji wa bei nafuu, ndiyo inayopaswa kukumbukwa Kivu, ambako tangu elimu ya msingi ya serikali ifanywe bila malipo mwaka 2019 madarasa yamejaa kupita kiasi, na ambako vita vimewafanya watoto wengi wabadilishe shule zaidi ya mara moja. Hadithi za kuchapisha zipo tayari: maktaba ya African Storybook, iliyoanzishwa Afrika Kusini mwaka 2014, hutoa kwenye intaneti hadithi za picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, kwa leseni inayomruhusu yeyote kutafsiri, kurekebisha na kuchapisha. Mwalimu anaweza kuibadilisha sentensi ili ifanane na Kiswahili cha Kivu, ambacho mtoto huzungumza kila siku, kisha akaongeza nakala ya Kihunde, Kinyanga au Kinyarwanda kwa michoro ileile, ili lugha mbalimbali zisimame juu ya picha moja.

Kitabu hakitarudisha shamba lililoporwa wala hakitanyamazisha bunduki, na mwalimu asiyewatendea wanafunzi wake kwa haki atabomoa asubuhi moja kile ambacho hadithi kumi zimejenga. Lakini viti vitatu vya shaba vinaweza kuchorwa ubaoni kwa chaki, na baada ya kusoma mwalimu akawaomba watoto waongeze kiti cha yule ambaye hajapata pa kukaa. Darasa likishapata kiti cha mtoto aliyefika jana kutoka kijiji kilichochomwa, somo la siku hiyo limekwisha kufundishwa.