Je, Wajua? Paipu Moja Yaweza Kumaliza Nafasi ya Karakana

Paipu ya mraba kwa kawaida huuzwa ikiwa na urefu wa mita 6. Fundi akitaka kuizungusha sakafuni akiwa ameishika katikati, anahitaji duara tupu la takriban mita 28 za mraba. Karakana ngapi za mtaani zina nafasi hiyo? Ndiyo maana mashine ya kukatia inafaa kukaa karibu na mlango, sambamba na rafu ya ukutani, ili paipu iingie moja kwa moja bila kugeuzwa.

Mabamba ndiyo yenye usumbufu zaidi. Bamba la chuma la futi 4 kwa 8, unene wa milimita 3, lina kilo 70 hivi. Yakilazwa 10 na wewe unalitaka la chini kabisa, utahamisha kilo 630 kabla hujakata hata sentimita moja. Afadhali yasimamishwe kwa ubavu kwenye fremu yenye vyumba, iliyoinama nyuma kidogo na kufungwa imara sakafuni. Vipande vilivyobaki navyo hula nafasi kimyakimya (mafundi hawapendi kuambiwa hili): visivyo na kazi viende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.