Simu huchafua hewa kabla haijachomekwa kwenye chaja

Kwa hesabu ya Apple yenyewe, iPhone 13 yenye hifadhi ya GB 128 hubeba kilo 64 za hewa ukaa katika maisha yake yote. Asilimia 81 ya kilo hizo hutoka kwenye utengenezaji, yaani kabla mnunuzi hajaiwasha. Kuichaji huchangia asilimia 16 tu.

Kilo hizo hazisomwi kwenye mizani yoyote. Ni hesabu ya kalamu. Wataalamu wanaofuata viwango vya ISO 14040 na 14044 huorodhesha kila kipande cha simu: kioo, betri, alumini, chipu. Kisha hukadiria nishati na gesijoto zilizotumika kukipata, kuanzia mgodini hadi kiwandani, na kujumlisha.

Katika orodha hiyo, chipu ndiyo yenye makuu. Ni ndogo kuliko ukucha, lakini viwanda vyake, vingi vikiwa Taiwan na Korea Kusini, hula umeme usiku na mchana, na sehemu kubwa ya umeme huo hutokana na makaa ya mawe na gesi. Isitoshe, mitambo yake husafishwa kwa gesi kama nitrojeni trifloridi. Kilo moja ya gesi hiyo ikivuja, hupasha dunia joto zaidi ya mara 16,000 ya kilo moja ya hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100.

Upande wa kuchaji, jibu hutegemea mtu anaishi wapi. Umeme wa Nairobi hutoka zaidi kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo. Wa Johannesburg hutoka zaidi kwenye makaa ya mawe. Simu ni ileile, hesabu mbili.

Tena kuna dhana ya umri, na hapo ndipo msomaji anapaswa kuwa macho. Apple hukadiria matumizi ya miaka 3 kwa mmiliki wa kwanza wa simu. Katika soko la Kariakoo, Dar es Salaam, ambako simu za mtumba kutoka Dubai huuzwa kila siku, mmiliki wa kwanza ni mwanzo tu. Kilo 52 hivi za utengenezaji zikigawanywa kwa miaka 3, ni zaidi ya kilo 17 kwa mwaka. Fundi akibadilisha betri na simu ikafika miaka 6, zinashuka chini ya 9.