Matangazo Hayangoji: Namna ya Kurekodi Runinga ya Setilaiti kwa Kompyuta ya Nyumbani

Ndugu msomaji, wahenga hawakukosea waliponena kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Matangazo ya runinga ya moja kwa moja yana tabia iyo hiyo. Ukiwa shambani unachuma majani chai, ukiwa bwenini, au stima ikipotea tu, basi yamekupita. Huwezi kumwambia mtangazaji, "Bwana, hebu turudie hapo nyuma kidogo."

Hasara yenyewe si ya burudani pekee. Katikati ya Machi 2020 shule zote nchini zilifungwa kwa sababu ya korona, na wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Katika miezi hiyo Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, yaani KICD, ilipeperusha masomo kwa redio na runinga. Lilikuwa jambo jema, lakini kipindi cha Fizikia hakikuwa na subira. Nyumba yenye runinga moja na watoto wa madarasa manne ilibidi ichague nani asome na nani angoje. Aliyetumwa mtoni kuteka maji alirudi akakuta somo limekwisha.

Aidha, tukumbuke sherehe za kitaifa za Madaraka. Tarehe 1 Juni 2018 ziliandaliwa katika Uwanja wa Kinoru mjini Meru, na tarehe 1 Juni 2023 zikaja Embu, katika Uwanja wa Moi. Ni historia yetu wenyewe hiyo! Lakini ni nyumba ngapi huku kwetu zilizo na sherehe hizo, tangu gwaride hadi hotuba ya mwisho? Utaambiwa, "Si ziko kwenye intaneti?" Naam, mengi yako huko. Hata hivyo, aliyeyaweka ndiye anayeweza kuyaondoa, na bando hununuliwa kwa pesa. Cha kuazima hakisitiri matako.

Makala haya basi yanaeleza jinsi kompyuta, au tarakilishi kama wapendavyo kuiita walimu wetu, inavyoweza kuwa kibuyu cha kuyateka maji hayo kabla hayajamwagika.

DISHI LINATAZAMA WAPI?

Setilaiti ya matangazo hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Huko huizunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia hujizungusha mara moja, kwa hiyo sisi huiona kama kwamba imesimama tuli. Ndiyo sababu dishi likishafungwa barabara halihitaji kuzungushwa tena.

Sisi wa huku tuna bahati ya kipekee. Ikweta inaikata barabara ya Embu na Meru kati ya Nkubu na mji wa Meru. Kwa hivyo mstari wa setilaiti hizo unapita karibu juu ya utosi wetu, kutoka mashariki hadi magharibi. Setilaiti za Eutelsat za nyuzi 36 Mashariki, zinazotumiwa na DStv, ziko karibu wima juu ya vichwa vyetu, maana mji wa Meru wenyewe uko kwenye nyuzi 37 na ushei. Zile za nyuzi 7 Mashariki, zinazotumiwa na Azam TV, ziko upande wa magharibi, kiasi cha nyuzi 54 kutoka upeo wa macho. Mtu wa London husimamisha dishi lake kama ngao, likitazama kusini. La kwetu hulala chali kama ungo ulioanikwa. Isitoshe, Mlima Kenya na vilima vya Nyambene, ambavyo huziba mawimbi ya antena katika mabonde mengi, haviwezi kuziba kitu kilicho juu mbinguni.

KUTOKA DISHINI HADI KWENYE DISKI

Zamani kazi hii ilifanywa na kanda za video za VHS, zilizoletwa sokoni na kampuni ya JVC ya Japani mwaka wa 1976. Kanda ya kawaida ilichukua saa tatu, na kila ilipochezwa ilizidi kuchakaa. Siku hizi mambo ni mengine. DStv ilianza mwaka wa 1995 ikiwa tayari ya kidijitali, na mitambo ya analogi ya antena ilizimwa Kenya mwaka wa 2015. Maana yake ni kwamba picha hutufikia ikiwa tayari ni tarakimu, yaani lugha ya kompyuta. Kompyuta haina haja ya kutafsiri chochote. Kazi yake ni kunakili tu. Nakala itakuwa safi kama ilivyopokelewa.

Safari yenyewe ni hii. Dishi hukusanya mawimbi hafifu na kuyaelekeza kwenye kichwa chake, kile kidude kilicho kwenye mkono wa mbele. Mawimbi haya ni ya gigahezi 10.7 hadi 12.75, makali mno kusafiri katika waya wa kawaida. Kichwa huyateremsha hadi kati ya megahezi 950 na 2,150, kisha yakashuka kwa waya hadi nyumbani. Hapo badala ya runinga yanapokelewa na tyuna. Tyuna ni kadi inayochomekwa ndani ya kompyuta, au kisanduku kidogo kinachounganishwa kwa tundu la USB. Ukinunua, hakikisha imeandikwa DVB-S2, maana ya DVB-S pekee haitapata vituo vingi vya siku hizi. Tyuna hiyo hiyo ndiyo inayokipa kichwa cha dishi umeme: volti 13 kwa mawimbi ya wima, volti 18 kwa yale ya mlalo.

Halafu inahitajika programu. VLC ni ya bure. Ilianzishwa na wanafunzi wa chuo kimoja huko Paris mwaka wa 1996. Ipo pia Tvheadend, ya bure vilevile, ambayo hukaa macho na kurekodi kwa saa uliyoipangia hata kama umelala fofofo. Skani vituo, chagua kipindi, kisha panga saa. Anza dakika tano mapema na umalize nusu saa baadaye, kwani hotuba za wakubwa na mechi za mpira hazifuati ratiba.

Hapa pana kizuizi. Vituo vya kulipia hufungwa kwa siri maalum, na kadi ya king'amuzi ndiyo ufunguo. Tyuna ikivinasa bila ufunguo huo, utapata ukungu mtupu. Wenye ving'amuzi hivyo huweza kutumia njia ya pili: zile nyaya tatu za nyuma, ya njano, nyeupe na nyekundu, huunganishwa kwa kifaa kidogo cha kunasia picha, nacho kikachomekwa kwenye kompyuta. Picha haitakuwa kali sana, lakini inasomeka. Soma kwanza mkataba wa kampuni yako uone unaruhusu nini. Kwa wenye antena, dawa ni tyuna ya DVB-T2. Mengine yote ni yale yale.

TUPIGE HESABU

Kituo cha picha ya kawaida hutuma karibu megabiti 4 kwa sekunde. Saa moja ina sekunde 3,600, na baiti moja ni biti 8. Kwa hivyo 4 × 3,600 ÷ 8 ni megabaiti 1,800, yaani gigabaiti 1.8 kwa saa. Flashi ya gigabaiti 32 itabeba saa 17 hivi, na diski ya gigabaiti 500 saa 277. Picha kali zaidi ya megabiti 8 hula nafasi maradufu.

Ole wako usipoangalia jambo moja. Flashi nyingi zimeandaliwa kwa mtindo wa FAT32, ambao haukubali faili inayozidi gigabaiti 4 na kidogo. Kwa hesabu yetu, faili itagonga ukuta baada ya saa mbili na dakika ishirini hivi. Fainali ikienda hadi penalti, penalti hutaziona! Rekodi kwenye diski ya kompyuta kwanza, kisha ukate vipande.

MAADUI WATATU

Adui wa kwanza ni mvua. Mawimbi haya humezwa na matone makubwa, na sisi tulio mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya tunaijua mvua ya Aprili na ya Novemba. Dishi kubwa zaidi, lililokazwa sawasawa, hupunguza tatizo ingawa haliliondoi.

Adui wa pili ni jua. Karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba, jua hupita nyuma kabisa ya setilaiti na kelele zake huifunika sauti yake kwa dakika chache. Kwa setilaiti ya nyuzi 36, hilo hutokea kwetu mnamo saa sita u nusu mchana. Msiite fundi siku hiyo; ngojeni tu.

Adui wa tatu ni stima kupotea. Betri ya kompyuta ya kubebeka haitoshi, kwa sababu dishi na kisanduku cha tyuna navyo vinahitaji umeme. Vyote viunganishwe kwa kifaa cha akiba ya umeme. Na urekodi kwa faili ya mtindo wa TS: stima ikikatika ghafla, sehemu iliyokwisha kunaswa hubaki nzima.

SHERIA NA KUMBUKUMBU

Kurekodi si kupora. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 inalinda matangazo, na pia imetoa nafasi kwa shule kunakili na kutumia matangazo yaliyokusudiwa kufundishia. Anayenakili na kuuza sokoni huyo hana pa kujificha.

Mtasema, mtu mmoja nyumbani kwake atahifadhi nini? Huko Philadelphia, Marekani, mkutubi mmoja aitwaye Marion Stokes alirekodi habari za runinga kwa zaidi ya miaka 30, hadi alipofariki mwaka wa 2012. Aliacha kanda zipatazo 70,000. Leo watafiti wanazithamini, kwa kuwa zina mengi ambayo vituo vyenyewe havikuyatunza. Hakuwa na kampuni. Alikuwa na nia.

Ila kumbukumbu isiyo na mpango ni takataka. Kila faili ipewe jina linaloanza na mwaka, mwezi na siku, kwa mfano "2023-06-01 Madaraka Embu". Nakala ziwe mbili, katika diski mbili, katika nyumba mbili. Mali bila daftari huisha bila habari.

Shime, wanachama wenzangu! Tuanze na taarifa ya habari ya Kiswahili ya saa moja jioni. Nusu saa haifiki hata gigabaiti moja. Jumamosi tuikae chini, tuisikilize, tuisimamishe penye neno jipya na tubishane kuhusu ngeli, jambo ambalo mtangazaji hawezi kuturuhusu akiwa hewani. Na siku matangazo ya masomo yatakapohitajika tena, mtoto aliyetumwa mtoni atarudi akute somo lake linamngoja.